Matope Yashukayo Kilindini

Kila mwaka, mvua za kwanza zinyeshapo juu ya vilima vya Ubende, maji ya Ziwa Tanganyika karibu na Karema hubadilika rangi. Jana yalikuwa maangavu, hata aliyesimama katika mtumbwi aliweza kuona kivuli chake juu ya mawe ya chini. Leo, mahali mito inapoingia, yamekuwa mekundu kama maji yaliyooshewa vyungu vibichi. Wekundu huo huenea kidogo kutoka ufukoni, kisha hukatika ghafula kana kwamba umekatwa kwa kisu, na ng'ambo ya mstari ule ziwa li safi vile vile. Zikipita siku mbili tatu bila mvua, wekundu wote umetoweka.

Nimefundisha miaka mingi katika nchi hii, na karibu kila darasa la sita limenipa mtoto mmoja wa kuuliza swali hili: "Mwalimu, ikiwa mito huleta udongo kila masika tangu zamani za mababu, mbona ziwa halijai?" Swali hili ni jema, wala halijibiwi kwa neno moja.

Kwanza, ziwa lajaa kweli, ila sakafu yake yashuka. Nchi yetu imepasuka. Upande wa magharibi wavutwa huku na upande wa mashariki kule, na kipande kilicho katikati kimedidimia kama ubao uliokosa mhimili. Wataalamu wa miamba hukadiria kwamba mahali pa Tanganyika palianza kufunguka yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Msistuke kwa hesabu hiyo. Mwenye kuumba hana haraka. Maji yamefuata shimo lile, na leo kina chake kikubwa ni mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal tu, lililoko Urusi, linalolipita kwa kina. Uso wa ziwa letu uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, basi fanyeni hesabu wenyewe: sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ingawa bahari yenyewe iko mbali nasi safari ya siku nyingi.

Na sakafu hiyo si mwamba. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walipita ziwani kwa meli, wakipeleka mishindo ya sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake. Sehemu moja ya sauti ilirudi kutoka juu ya matope, na sehemu nyingine ilipenya ikarudi kutoka tabaka za ndani. Kwa njia hiyo walitambua kwamba mahali pengine matope yamelundikana kwa unene upitao kilomita 4. Mtu aendaye kwa miguu huzimaliza kilomita 4 kwa muda wa saa nzima. Ninyi jaribuni kufikiri mwendo huo ukienda chini, wote ukiwa ni udongo uliotoka vilimani.

Wanafunzi wa Mpanda mjini husema, "Hayo si yetu, maana Katuma hauendi Tanganyika." Ni kweli. Katuma hupeleka maji yake katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, mahali pa viboko na mamba, na kutoka huko maji hufika Rukwa. Lakini Rukwa nalo ni mtoto wa ufa ule ule. Maji yake ni ya mita chache tu, na chini yake yamelala matabaka ya kilomita kadhaa. Tena yapata miaka elfu 10 iliyopita Rukwa lilijaa sana kuliko leo, likafurika kwa njia ya bonde la Karema, na maji yake yakaingia Tanganyika. Basi msiwacheke watu wa Karema kwa matope yao.

Sasa nifike penye fumbo lenyewe. Wataalamu huteremsha bomba refu la chuma mpaka chini ya ziwa, likachoma matope, na wakilipandisha hutoa humo mche mrefu wa udongo, kama mtu atoaye uboho katika mfupa. Katika vilindi wangetazamia kuona matope laini peke yake, kwa kuwa mto ukiingia ziwani huchoka, na mchanga mzito huanguka karibu na mlango wake. Upepo hauwezi kuupeleka mbali, wala mawimbi hayagusi sakafu iliyo chini ya mamia ya mita za maji. Hata hivyo, katikati ya matope laini walikuta matabaka ya mchanga, tena mchanga wa mtoni. Nani aliubeba mpaka kule?

Mwaka mmoja mvuvi alitupa mtumbwi wake mbovu, nasi tukautumia kutafuta jibu. Tuliziba nyufa zake, tukaupaka chokaa ndani ili tuone vizuri, tukainua tezi yake juu ya matofali mawili. Kisha tukaujaza maji safi, tukayaacha yatulie tangu asubuhi hata saa ya chakula. Juu ya maji tulitawanya majani makavu ya mwembe. Katika ndoo tulikoroga udongo wa shamba la shule pamoja na mchanga kidogo, mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa. Msichana mmoja mwenye mkono mtulivu akaumimina polepole kwa kata, upande ule ulioinuliwa.

Wengi walidhani kwamba maji yote ya mtumbwi yatachafuka mara moja. Haikuwa hivyo. Uji ule ulizama mpaka chini, ukajikusanya, ukaanza kutambaa juu ya sakafu ya mtumbwi kama nyoka. Kichwa chake kilikuwa kinene kuliko mwili, nacho kilijiviringisha kwenda mbele, kikitoa vumbi la maji nyuma yake. Juu yake maji yalibaki meupe. Majani ya mwembe hayakuondoka mahali pake, ila moja au mawili yaliyotikisika kidogo. Nyoka akafika mwisho wa mtumbwi, akapiga kichwa, akarudi nyuma kidogo, akalala. Watoto walinyamaza kimya, jambo ambalo si kawaida kwa darasa lile.

Siku ya pili tuliyavuta maji kwa mpira mwembamba, tukaacha tope likauke. Tulipolikata kwa kisu tuliona chembe kubwa ziko chini, juu yake mchanga mwembamba, na juu kabisa tope laini kama siagi. Upande wa kumimina palikuwa na mchanga mwingi. Upande wa mwisho palikuwa na tope tupu. Sababu yake ni nyepesi. Maji yaliyochanganyika na udongo ni mazito kuliko maji safi, kwa hiyo huteremka chini yake, kama vile maji yateremkavyo chini ya hewa katika mto wa kawaida. Yakipata mteremko mkali huongeza mwendo, na kwa mwendo huo huchokoa udongo mwingine wa njiani, yakawa mazito zaidi na kuzidi kukimbia. Yakifika mahali palipo sawa hupungukiwa nguvu, ndipo yaachapo mizigo yake: changarawe kwanza, kisha mchanga, na tope mwisho kabisa. Chembe kubwa haina subira. Tope laini laweza kuelea siku nyingi kabla ya kutua. Ndiyo maana ule wekundu wa Karema hukatika ghafula. Haukuisha pale, bali umepiga mbizi.

Lakini mto si mlango wa pekee wa safari hii. Udongo mwingi hutua kwanza juu ya magema yaliyo chini ya maji, ukalundikana mwaka hata mwaka, laini na mzito, umejishikiza tu. Siku moja nchi hutikisika, na gema zima hukatika na kuporomoka. Wengi wetu tunayajua maporomoko ya mlimani wakati wa mvua kubwa. Yale ya chini ya maji huweza kuwa makubwa kuyapita mara nyingi, tena hayahitaji mteremko mkali, kwa kuwa udongo umekwisha kushiba maji. Kipande huanza kuteleza kikiwa kizima, huvunjika, huchanganyika na maji, na mwisho huwa nyoka yule yule wa mtumbwini, ila urefu wake ni wa kilomita.

Na katika nchi yetu matetemeko si hadithi. Tarehe 13 Desemba 1910 palikuwa na tetemeko upande wa Rukwa ambalo ni kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki kwa karne ile. Nguvu yake hukadiriwa kuwa 7.4. Tarehe 5 Desemba 2005, alasiri, lilikuja jingine lenye nguvu ya 6.8, chimbuko lake likiwa katika ziwa lenyewe. Nyumba zilianguka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, na watu walikufa. Mtikisiko ukasikika hata Nairobi. Mimi nilikuwa kijana wakati ule, nakumbuka vikombe vilivyogongana kabatini. Yaliyotokea ukutani tuliyaona wote. Yaliyotokea juu ya magema ya chini ya maji hayakuonwa na mtu.

Kuna mahali pamoja duniani ambapo mwendo wa matope kama haya ulipimwa na vitu visivyowekwa kwa kazi hiyo. Tarehe 18 Novemba 1929 palitokea tetemeko chini ya Bahari ya Atlantiki, kusini ya kisiwa cha Newfoundland. Juu ya sakafu ya bahari ile zilikuwa zimelazwa nyaya za simu za kuunganisha Amerika na Ulaya. Nyaya zilizokuwa karibu zilikatika papo hapo. Kisha, saa kwa saa, zikakatika nyingine zilizo mbali zaidi na chini zaidi, moja baada ya moja, kwa taratibu kama watu waitwao majina. Na ya mwisho ilikatika baada ya saa zaidi ya 13. Jumla zilikuwa nyaya 12. Wakati wa kukatika kila moja uliandikwa katika madaftari ya simu, lakini madaftari yale yalikaa zaidi ya miaka 20 kabla hajatokea mtu wa kuyasoma vema. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing, wataalamu wa Marekani, walionyesha kwamba aliyezikata ni mkondo wa matope ulioteremka kutoka gema lililoporomoka. Gema lile lilipoporomoka lilisukuma maji pia. Wimbi lilipanda pwani ya Newfoundland jioni ile ile, likaua watu 28.

Jambo la namna hiyo limetokea tena, na safari hii mahali panapopokea maji yetu wenyewe. Maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, na kwa njia ya mto Kongo hufika Atlantiki. Mbele ya mlango wa Kongo kuna korongo refu lililochimbwa katika sakafu ya bahari. Katika Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto ule, mkondo wa matope uliteremka katika korongo hilo, ukaenda zaidi ya kilomita 1,100 kwa muda wa siku mbili hivi, ukakata nyaya za mawasiliano za Afrika. Lakini watu wa Ubende wasidai sehemu katika kazi ile. Udongo wetu haufiki huko. Umekwisha kubaki vilindini mwa Tanganyika, na maji yatokayo Lukuga hutoka yakiwa yameuacha mzigo wake.

Nalo poromoko kubwa kuliko haya liko katika nchi yetu, upande wa mashariki. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba chini ya bahari, mbele ya pwani ya Tanzania karibu na Mafia, limezikwa poromoko la kale lenye zaidi ya kilomita 2,500 za ujazo. Maji yote ya Tanganyika hukadiriwa kuwa kilomita 18,900 za ujazo. Basi poromoko la Mafia lapita sehemu moja katika nane ya ziwa zima. Lilianguka yapata miaka milioni 20 iliyopita, wakati nchi za Afrika ya Mashariki zilipokuwa zikiinuka na kuanza kupasuka. Wataalamu hudhani kwamba matetemeko ya kupasuka huko ndiyo yaliyolitikisa, na kwamba udongo mwingi uliotoka katika nchi iliyoinuka ulikuwa umelundikana tayari. Kwa hiyo nguvu ile ile iliyochimba shimo la ziwa letu iliangusha gema la bahari mbali kule, nalo likafunikwa, likabaki huko mpaka lilipotambuliwa kwa mwangwi wa sauti.

Mtauliza mambo ya kale namna hii husomwaje. Katika Tanganyika husomwa vizuri kuliko mahali pengi, kwa sababu ya kustaajabisha. Chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na kama 200 upande wa kusini, maji hayana hewa ya oksijeni. Hakuna samaki huko, wala konokono, wala mnyoo wa kuchimba na kuchanganya tope. Kila tabaka hukaa kama lilivyotua. Wakati wa kiangazi, pepo za kusini zivumapo na kukoroga maji, mimea midogo isiyoonekana kwa macho husitawi, hufa, na kuanguka chini. Hufanya utando mweupe. Wakati wa mvua huja utando mweusi wa udongo. Mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kila mmoja mwembamba kama karatasi. Kisha ghafula huonekana tabaka nene lenye mchanga chini na tope juu, kama lile la mtumbwi wetu: hilo si la mwaka, ni la saa chache. Mholanzi Arnold Bouma aliyaeleza mpango wa matabaka ya namna hiyo mwaka 1962, akiyatazama katika milima ya Ufaransa, maana matope ya kilindi cha kale yalikwisha kuwa mawe na kuinuliwa juu. Mtu anaweza kusimama mlimani, mbali na bahari, akaweka kidole juu ya mahali mkondo ulipochoka.

Kwa watoto wa Karema na vijiji vingine vya pwani mambo haya si ya kusomwa tu. Nawaambia mapema: nchi ikitikisika kwa nguvu nanyi mko ufukoni, msingoje kutazama, wala msirudi kuchukua nyavu. Mkiona maji yakirudi nyuma bila sababu, kimbieni hata kama hamkusikia mtikisiko. Pandeni juu. Gema likiporomoka chini ya maji halipigi mbiu, na wimbi lake halihitaji muda mrefu katika ziwa lililo jembamba kama letu.

Neno la pili ni la majembe. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza pwani za ziwa hili. Walilinganisha mahali ambapo vilima vya juu bado vina miti na mahali vilipoachwa uchi. Penye matope mengi walikuta aina chache zaidi za wanyama wadogo wenye magamba, na aina chache za samaki pia. Tope hufunika mawe ambayo juu yake huota chakula cha samaki, hujaza mianya wanamojificha, na hufunika mahali pa kutagia. Dagaa na migebuka hukaa katika maji mapana na huepuka taabu hiyo kwa sehemu, lakini samaki wa mawe hawana pa kuhamia. Na udongo wenyewe, ukiisha kupiga mbizi, haurudi. Mto ukihamisha udongo kutoka shamba lako mpaka bondeni, jirani yako atalima hapo. Ukishuka mita elfu moja chini ya maji pasipo hewa, hakuna atakayeulima.

Ule mtumbwi uliendelea kukaa nyuma ya darasa. Siku moja mzee wa kijiji aliyekuwa na shamba la mteremkoni alikuja kumwona mjukuu wake, nasi tukamfanyia yale ya kata na ndoo. Alitazama mpaka nyoka akalala. Akauliza kama udongo wa ndoo ulitoka wapi, nikamwambia. Hakuuliza jingine, akaaga.

Kabla ya masika yale alikata matuta matano ya kukingama mteremko, akapanda majani juu yake. Nilipita huko mwezi wa Februari. Nyuma ya tuta la kwanza palikuwa na udongo mwekundu uliotulia, nami nilipokanyaga ulinifika kifundoni. Nyuma ya la pili ulikuwa pungufu, na nyuma ya la tano maji yalikuwa yakipita karibu meupe. Mzee aliniomba nimletee kata ile ya shule ayateke, apate kumwonyesha jirani yake.